Naomba ushauri: mdogo wangu ni mbabe wa timu ya hoki na kichwa kinamsumbua

Habari za majukumu ndugu zangu, hasa mlioko Marekani na Kanada.

Mdogo wangu anacheza hoki ya barafuni katika ligi ya ECHL, ngazi mbili chini ya NHL, ligi kuu ya hoki huko Marekani na Kanada. Kazi yake si kufunga magoli. Yeye ndiye mbabe wa timu: mwenzake akichezewa rafu, anavua glavu na kupigana, anakaa nje dakika 5, kisha anarudi. Mashabiki wanampenda mno, ila mshahara ni mdogo na nafasi yake haina uhakika.

Tangu msimu uliopita kichwa kinamuuma, mwanga unamkera, usingizi hapati. Daktari wa timu alimruhusu kucheza. Nimemsihi aende kwa daktari mwingine, hataki, anaogopa ataachwa. Nikamweleza habari za Derek Boogaard, mbabe wa NHL aliyefariki 2011 akiwa na miaka 28 kwa kuchanganya dawa za maumivu na pombe, na ubongo wake ukakutwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Alinyamaza tu. Nampenda sana, na kila siku ya mechi nakaa roho juu.

Naomba kujua: akipimwa na daktari wa nje kwa hiari yake, timu ina haki ya kuona majibu? Na PHPA, chama cha wachezaji wa ligi hiyo, kinaweza kumsaidia kwa siri? Mwenye ndugu aliyepitia haya, tafadhali anieleze nani aliweza kumshawishi.