Miezi saba naletewa "bekapu imefaulu", kumbe kaseti zote tano zina imeili tu!

Wadau, salamu baadaye. Leo siku ya tatu nalala ofisini huku Shimanzi, Mombasa, na nisipoyatoa haya yatanipasua.

Sisi tunatoa mizigo bandarini. Seva yetu imebeba vitu vitatu: hesabu, makaratasi ya forodha yaliyoskaniwa, na imeili. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya 2015 inataka kumbukumbu zikae miaka 5, ndipo tajiri akakubali kutoa pesa ya draivu ya LTO-8, mashine inayoandika bekapu, yaani nakala za akiba, kwenye kaseti za kanda ya sumaku. Duka moja hapa mjini, jina silitaji, likatuuzia na kumleta fundi wao aisete. Kazi hiyo ya kuseta peke yake walituchaji zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Bwana huyo alikaa saa moja na nusu, akanywa soda zetu mbili, akaniambia, "Kaka, hii wewe lala tu, yenyewe itafanya kazi."

Nikalala kweli. Kila asubuhi ujumbe: imefaulu.

Jumatano umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, diski mbili zikafa pamoja. Diski zetu zimepangwa kwa RAID 5, mpango wa diski kubebana, nao huvumilia kufiwa na moja, si mbili. Wala sikubabaika, nina kaseti tano, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikatia ya Jumanne, nikaorodhesha: imeili. Kila kaseti ilitakiwa iwe na mafaili matatu yakifuatana, moja kwa kila kitu, basi nikasogeza mbele kutafuta faili la pili: mwisho wa data. Nikatia ya Jumatatu: imeili. Kufika kaseti ya tano mikono yanitetemeka, na mama wa chai ameniwekea kikombe, kimeganda utando juu.

Nikafungua skripti, ile orodha ya amri alizoandika fundi ziendeshe bekapu kila usiku, maana diski ya mfumo ilisalimika. Mistari mitatu ya tar, amri ya kufunga mafaili pamoja na kuyaandika kwenye kanda: hesabu kwenda /dev/st0, makaratasi kwenda /dev/st0, imeili kwenda /dev/st0. Aliyewahi kushika kanda kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, ameshajua msiba ulipo. st0 na nst0 ni majina mawili ya draivu ileile: ukiandikia st0, kazi ikiisha kanda hujirudisha mwanzo yenyewe. Kwa hiyo makaratasi yaliandikwa juu ya hesabu, na imeili juu ya makaratasi. Ilitakiwa nst0, ile isiyojirudisha. Herufi n moja! Herufi moja, usiku baada ya usiku, miezi saba.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Kanda ina urefu wa mita 960, na imeili zetu zimekula kipande kidogo tu pale mwanzoni. Makaratasi mengi bado yamo mle ndani, yamelala palepale yalipoandikwa. Lakini imeili zilipoisha, draivu ikaweka alama ya mwisho wa data, na haikubali kuvuka alama hiyo hata uilambe miguu. Nimeshika kaseti mkononi, najua mali yangu imo, na siwezi kuitoa.

Wala draivu haikudanganya. LTO husoma inachoandika papo hapo ili kuhakikisha. Iliandika vizuri, ikafuta vizuri, ikaripoti vizuri.

Aliyejua ni mzee wetu wa ulinzi. Jana nalalamika, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani ndivyo ilivyo. Kila usiku mashini yako yavuma, halafu yalia wiii kama yakimbia nyuma, yanyamaza, yaanza tena. Mara tatu." Miezi saba mzee anasikia bekapu zetu zikifutwa na hakuna aliyemuuliza.

Mtasema tuna kaseti za zamani. Tunazo, za LTO-5, toleo la nyuma, kumi na moja kabatini. Draivu yake duka hilohilo lilichukua tulipopunguziwa bei, likatuapia kwamba mpya itasoma za zamani. LTO-7 ingezisoma. LTO-8 haishuki chini ya LTO-7. Nimeitia moja, ikaitema.

Najua wajuaji mtaniuliza mbona sikujaribu kurejesha hata faili moja. Sikujaribu. Nilitia sahihi makabidhiano kwa sababu taa ilikuwa ya kijani na fundi alikuwa anawahi feri. Hilo langu, na tajiri ameshanieleza kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani. Lakini mimi nilimlipa mtu anayejiita mtaalamu wa bekapu, na hilo la st0 ni somo la siku ya kwanza.

Kama nawe ulisetiwa na mtu, fanya leo, usingoje kesho: mt -f /dev/nst0 rewind, kisha mt -f /dev/nst0 fsf 1, kisha tar -tvf /dev/nst0, yaani rudisha kanda mwanzo, ruka faili la kwanza, orodhesha linalofuata. Ukikuta faili la pili, shukuru. Halafu rejesha kitu kimoja kwenye folda nyingine na ukifungue kwa macho yako.

Sasa hivi makarani wawili wako stoo wanatoa mafaili ya karatasi kwenye maboksi, yale ambayo mende hawajayafikia, waskani upya. Duka nimelipigia tangu Jumatano. Leo saa nne wamejibu kwa WhatsApp: ankara ya kuja kukagua, shilingi elfu kumi na mbili, hiyo ni kabla ya kodi, na chini yake wameandika "malipo kwanza".