Tupeane uzoefu: Migomba ikidumaa majani yakasimama wima, uling'oa au uliacha?

Mwana wa Manyovu
Jana nimempita kijana kafunga machipukizi ya migomba kwenye baiskeli anayapeleka gulioni. Majani yamesimama wima, membamba, yamebanana juu, kingo za manjano. Nikakumbuka shamba la baba lilivyoisha kwa ugonjwa huu, wanaouita kwa Kiingereza bunchy top. Wana Buhigwe, Kasulu, na ndugu wa Burundi na Uvira mliopitia haya, njooni tusimuliane. Mlifanyaje?

Mama Kisukari
Umenitonesha kidonda. Migomba yangu ya ndizi kisukari nyuma ya jiko yote ilikwenda hivyo hivyo. Chipukizi linatoka, linadumaa, mkungu huuoni.

Ntare75
Pole Mama Kisukari. Kwetu pia.

Bin Kasulu
Nitaandika kirefu, mnisamehe. Shamba letu limepakana na la jirani, katikati ni mtaro tu. Tulianza kuona kila jani jipya linatoka dogo kuliko lililotangulia. Mzee akasema ni ukame. Bibi shamba alipokuja alishika jani moja, akafuta kwa kidole gumba ule unga mweupe wa kwenye kikonyo, akatuita tusogee. Chini ya unga kulikuwa na michirizi ya kijani iliyokolea, mingine mirefu, mingine nukta nukta, kama mtu kachora kwa kalamu. Akasema hivi ni virusi, vinabebwa na wadudu waitwao vidukari, dawa hakuna, na shina lote liende na watoto wake, hata wale wanaoonekana wazima, kwa sababu wote wananyonya tunguu moja, lile shina nene la chini ya ardhi.

Tuling'oa. Mama alilia kama msibani, maana ile ndiyo ada za shule.

Jirani akagoma. Alikuwa na mikungu michache inakaribia kukomaa na alitaka kukamua pombe ya mahari ya kijana wake. Mzee alimwendea kwa heshima zote, akamwambia, "Ndugu yangu, vidukari havijui mtaro." Jibu likawa kila mtu alime kwake.

Basi asubuhi moja tukasikia ukunga. Mashina yote ya jirani ya upande wa mtaro yameng'olewa usiku, matunguu yamekatwakatwa na kugeuzwa juu chini, kazi ya mtu anayejua. Jirani akaja na panga hadi mlangoni kwetu. Mzee akatoka mikono mitupu, akasimama. Majirani wakaingilia. Shauri likafika baraza la kata, mzee akaapa mbele ya watu kwamba si yeye wala wanawe. Hakuna aliyepatikana na hatia. Hawakusalimiana tena mpaka mzee anafariki.

Ntare75
Sasa nani aling'oa?

Mama Kisukari
Mkewe jirani huyo! Mwanamke ndiye anayelisha watoto, anajua shamba likiisha watakula nini.

Kaka wa Heru
Au huyo kijana wa mahari, hakumtaka binti 😂

Bin Kasulu
Wengi walimshuku mama yetu. Mimi nilikuwa mdogo, nililala.

Mzee wa Muleba
Mnahangaika bure. Sisi Kagera tulipambana na haya tangu 2006. Choma panga motoni au lichovye kwenye jiki kila ukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Vunja ua dume kwa mti wenye panda. Shina linaloumwa likate, mengine yaache. Kung'oa shamba zima ni kujitia njaa.

Mwana wa Manyovu
Shikamoo mzee. Hapo unasema mnyauko, na ule ni bakteria. Mgomba wa mnyauko ukiukata unatoa usaha wa manjano na ndizi zinaoza ndani. Huu wetu hauna usaha, na hausambai kwa panga. Unabebwa na vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaojificha kwenye maungio ya majani, au na machipukizi tunayopeana. Ukiacha shina moja la kundi hilo umeacha ugonjwa wote.

Mzee wa Muleba
Marahaba. Nimelima migomba kabla hujazaliwa.

Mwana wa Manyovu
Sikatai mzee wangu. Kwa mnyauko ushauri wako ni sahihi kabisa. Kwa huu utawamaliza watu.

Kaka wa Heru
Majivu na mkojo wa ng'ombe. Bibi yangu alimwagia ukapona.

Dada Shamba
Haukupona huo, kaka, labda haukuwa na virusi. Tafadhali tusiwape watu matumaini ya uongo hapa. Na mnaong'oa, msianze na jembe! Kwanza ueni vidukari, kwa dawa ya wadudu au mafuta ya taa pale kwenye koo la mgomba, majani yanapochomoza. Ukiutikisa wakiwa hai wanahamia mgomba mzima wa pembeni. Ndipo uchimbe tunguu lote na kulikatakata lisichipue.

Mtoto wa Uvira
Kwetu bonde la Ruzizi ugonjwa huu ni wa tangu miaka ya 1980. Miche ya chupa, ile ya kukuzwa maabara, tulipata, mizuri sana. Waliopanda katikati ya migomba ya zamani wakapoteza tena, maana mche safi si kinga. Waliofaulu ni wale walioelewana kilima kizima: wote wanang'oa, wanalima mahindi na maharage kwanza, halafu wote wanapanda upya pamoja.

Ntare75
Kuelewana kilima kizima, kwa majirani wa Bin Kasulu?

Dada Shamba
Australia miaka ya 1920 virusi hivi karibu viue kilimo chote cha ndizi. Waliokolewa na sheria: mkaguzi anapita, mgomba mgonjwa unang'olewa, upende usipende. Sisi tunamwachia jirani amuombe jirani.

Mama Kisukari
Mwana wa Manyovu, yule wa baiskeli ulimwambia?

Mwana wa Manyovu
Nilimwambia. Akasema ameshauza mzigo wa kwanza Kasulu. Anayenunua machipukizi gulioni wiki hii, futa unga kwenye kikonyo uangalie.

Bin Kasulu
Kasulu soko gani?