Mdogo wangu kaachishwa vidonge vya sonona ili asomewe, nimwambieje shangazi?

Mtu wa Kasulu
Salaam wakuu. Mimi niko Kasulu, mdogo wangu wa kike yuko Kibirizi, Kigoma mjini, anauza dagaa. Alijifungua miezi minne iliyopita. Tangu hapo halali hata mtoto akilala, na chakula anakionja tu. Siku moja kaanika dagaa, mvua ikashuka, majirani wanaokoa wa kwao huku wanamwita, yeye kakalia ndoo anawatazama wa kwake wanavyolowa. Mtaji wote ule.

Nilimpeleka hospitali, wakasema ni sonona ya baada ya kujifungua, akaanza vidonge. Siku ya 10 shangazi yetu wa Ujiji kaja, kasema hilo ni jini, kamchukua kwake asomewe. Shekhe kasema dawa ziwekwe kando siku saba. Kisomo nakiamini, na shangazi ndiye aliyetulea. Nikipinga nitaonekana napinga dini.

Mgebuka Mkavu
Jini gani huyo anayengoja mtu ajifungue? Mrudishe hospitali. Shangazi akinuna, anune.

Nesi Mstaafu
Mgebuka, kwa maneno hayo mgonjwa atafichwa kabisa.

Mleta uzi, kwanza muulize: anatamani kufa? Anawaza kumdhuru mtoto? Anasikia sauti? Kama ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika, apelekwe hospitali ya Maweni leo hii. Kama siyo, bado vidonge havikatwi ghafla. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonesha kazi, ndiyo maana siku ya 10 ndugu wengi husema hazifai. Na amkumbushe daktari kwamba ananyonyesha, zipo zinazotumiwa na wanaonyonyesha.

Abuu wa Mwanga
Mimi nasomea watu, hapa hapa Kigoma. Sijawahi kumwambia mtu aache dawa ya hospitali, iwe ya kifua kikuu au ya kichwa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Na Nabii Yakubu alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, nani alimwambia imani yake haba?

Usibishane na shangazi. Mfuate shekhe baada ya swala, mkiwa wawili tu, cheti cha hospitali mkononi. Mbele za watu hatarudi nyuma. Barazani kwake atarudi.

Mama Mapacha
Yalinikuta, ila mimi kanisani. Nilifungishwa kula siku tatu nikiwa nanyonyesha wawili, nikazidi kuvurugikiwa. Vidonge vilinisaidia, maombi pia, lakini wifi yangu ndiye aliyekuwa anawabeba watoto usiku nikapata usingizi. Tafuta mtu wa kumshikia mtoto kaka, hilo nyie wanaume mnalisahau.

Mtu wa Kasulu
Mrejesho. Nilifika Ujiji Ijumaa. Nesi, nilimuuliza yote matatu, hana. Shekhe kasikiliza, kasoma cheti, kauliza kidonge kinamezwa saa ngapi. Kampigia shangazi nikiwa palepale: ameze usiku, asomewe asubuhi. Jumatatu tunarudi kwa daktari.

Shangazi hajanisemesha. Ila jioni kaniletea vidonge, alikuwa kavifukia kwenye kopo la chumvi. Mdogo wangu kavipangusa, kisha kauliza kama wale dagaa walioza wote.