Ardhi ya amana ya shule Marekani: Utah, Texas, New Mexico au Arizona, nani kaitunza vizuri?

MamaWawili_SLC
Habari zenu wakuu. Niko Salt Lake City, mwaka wa sita sasa. Juzi nimeingia baraza la wazazi shuleni kwa wanangu (msinipongeze, nafasi zilikuwa tatu na wagombea tulikuwa watatu). Kikao cha kwanza mwalimu mkuu akatugawia karatasi: kuna fedha za ardhi ya amana, tukae naye tupange zifanye nini. Mimi miaka yote nilijua shule za hapa zinaendeshwa na kodi ya nyumba! Nikawapigia ndugu zangu. Wa Houston anasema Texas ndiyo yenye mfuko mnene, wa Phoenix anasema kwao ardhi bado ipo tele. Wajuzi nilinganishieni.

MpimaMipaka
Dada, chukua daftari la hesabu uchore mraba wa vyumba sita kwa sita. Huo ni mji mmoja wa wapimaji wa Marekani, maili 6 kila upande. Kila chumba ni maili mraba moja, eka 640. Namba zinaanza kona ya kaskazini mashariki, zinakwenda magharibi hadi 6, halafu mstari wa chini zinarudi mashariki, kama ng'ombe wa plau wanavyogeuka mwisho wa shamba. Ukifuata hivyo, namba 16 inaangukia karibu na katikati. Sheria ya mwaka 1785 ilisema hicho kipande cha 16 ni cha shule. Si lazima shule ijengwe pale. Kinakodishwa au kinauzwa, shule inakula mapato. Hiyo ndiyo ardhi ya amana, na hela zake zikitunzwa ndizo huo mfuko.

Ohio ilianza na kipande kimoja, 1803. Oregon na California zikapata viwili, 16 na 36. Utah (1896), Arizona na New Mexico (zote 1912) zilipewa vinne, 2, 16, 32 na 36, maana kule ni ukame na kipande kimoja kisingelisha hata mbuzi.

PwaniYetu
Kwa hiyo ni wakfu. Marehemu anaacha nyumba Mji wa Kale, kodi inamlipa mwalimu wa madrasa, nyumba yenyewe haiguswi. Mmezunguka sana.

MpimaMipaka
Karibu sawa, shekhe, ila hapo kwenye "haiguswi" ndipo majimbo yalipoachana. Mengi yaliruhusiwa kuuza, na mengine yaliuza kama nyanya za jioni. Nevada ilibadilishana vipande vyake vilivyotawanyika ikapata eka milioni 2 za kujichagulia, ikaziuza karibu zote. Leo imebaki na eka kama 3,000.

Na Wakenya msichanganye na ile ardhi ya udhamini iliyokuwa chini ya mabaraza ya kaunti kabla ya katiba ya 2010. Ile ilikuwa ya jamii za wenyeji. Hii mnufaika ni shule, na jimbo ni mdhamini tu. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani iliiambia Arizona: ukitaka kupitisha barabara kwenye ardhi hii, lipa thamani yake kamili. Serikali inajilipa yenyewe, lakini mifuko ni miwili.

DerevaWaMidland
Nabeba maji ya visima vya mafuta huku magharibi mwa Texas, kwa hiyo najua ninachosema. Texas iliingia Marekani 1845 na ardhi yake mkononi, haikungoja kupewa. Mfuko wa kudumu wa shule ulianzishwa 1854 kwa dola milioni 2. Leo umepita bilioni 50. Ardhi ya juu waliuza sana, lakini sehemu kubwa walibakiza haki ya madini yaliyo chini. Mfugaji ana nyasi, shule ina mrabaha wa mafuta. Zaidi ya hapo, mfuko unadhamini mikopo ya wilaya za shule, wanajenga madarasa kwa riba ndogo. Kisima cha Santa Rita kilichotoa mafuta 1923 ndicho

MpimaMipaka
Nikukatize mkuu, Santa Rita ni cha mfuko wa vyuo vikuu, si wa shule. Watu wengi huvichanganya.

DerevaWaMidland
Haya, nimepokea. Bilioni 50 zinabaki pale pale.

JuaKali_Phoenix
Huku kwetu ardhi ya amana ni zaidi ya eka milioni 9. Mara ya kwanza tulitoka na familia kuchoma nyama jangwani, tukakuta kibao kwenye waya: ardhi ya amana ya jimbo, usiingie bila kibali. Tukageuza gari nyama ikiwa mbichi. Vipande vya pembeni mwa jiji vinapigwa mnada kwa wajenzi wa nyumba, hela zinaingia mfukoni. 2016 wapiga kura walikubali kuchota 6.9% ya mfuko kwa mwaka badala ya 2.5%, kwa miaka kumi, ili kumaliza kesi ya shule kudai fedha zao. Muda huo ukaisha 2025, na mvutano ukarudi pale pale.

New Mexico nao 2022 walikubali kuchota 1.25% zaidi kwa mwaka, sehemu kubwa kwa watoto wadogo kabla ya darasa la kwanza. Kwangu mimi hao wamefikiri vizuri kuliko sisi, na wana mafuta ya bonde lile lile anakofanya kazi dereva wetu wa Midland.

Mti_na_Shoka
Msisahau Washington. Kule ni magogo. Msitu wa amana unakatwa, fedha zinajenga majengo ya shule. Wapenzi wa misitu walishtaki, na 2022 mahakama ya juu ya jimbo ikasema mdhamini halazimiki kutafuta fedha nyingi iwezekanavyo tu, anaweza kutazama na faida nyingine za umma.

Kimya_Kingi
Wote mmeanzia 1785. Kabla ya kuchora hivyo vyumba 36, nani alikuwa anaishi ndani yake? Hadi leo baadhi ya vipande vya "shule" vimo ndani ya maeneo waliyoachiwa wenyeji wa asili, na jimbo linakodisha.

MamaWawili_SLC
Hilo sikulijua. Nitaliuliza kikaoni.

MpimaMipaka
Swali lake ni la haki, na silo unalojibiwa na ukubwa wa mfuko. Nikirudi kwenye ulinganisho, mimi nachagua Utah. Mfuko wake si mkubwa kama wa Texas, na vipande vilikuwa vimezingirwa na ardhi ya serikali ya shirikisho. 1996 hifadhi ya Grand Staircase-Escalante ilipotangazwa vingine vikamezwa, na katika mabadilishano ya 1998 jimbo likapewa ardhi nyingine na dola milioni 50. Lakini kwa sheria ya 1999 gawio linafika kwenye kila shule, na wazazi wanaona kila senti. Kwingine linaingia bajeti kuu: mfuko ukitoa kumi, bunge linapunguza kumi upande wa pili, na mzazi haoni tofauti.

DerevaWaMidland
Kuona si kushiba, mpima. Baraza linapanga vihela, wilaya yangu imejenga shule nzima.

MamaWawili_SLC
Dereva, kwenye karatasi yetu chaguo ni mawili: msaidizi wa kusoma darasa la pili, au tableti. Mwalimu mkuu anataka tableti. Kura Jumanne.

JuaKali_Phoenix
Omba mpango wa mwaka jana kabla ya kura. Ukikuta tableti mle pia, uliza ziko wapi.