Naomba ushauri: riwaya ya marafiki wawili wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Napanga riwaya ya wasichana wawili wa Wete, Pemba, marafiki wa kufa na kuzikana tangu chuoni, yaani madrasa. Msimu wa karafuu, wakichambua usiku kwa taa ya kandili, vidole vikinukia makonyo (vikonyo vya karafuu), mmoja anamnong'oneza mwenziwe kwamba babaake huvusha magunia ya magendo kwenda Mombasa. Siri inavuja, baba anakamatwa.

Nimejaribu kumpa usimulizi yule aliyeaminiwa, lakini sauti inatoka ya mtu mzima. Nafsi ya tatu nayo inaniondolea ukaribu, na kwangu ukaribu ndio roho ya kitabu hiki.

Je, nani asimulie? Na msomaji ajue mapema nani kavujisha, au agundue pamoja na watoto?