Yunioni inatuita twende Des Moines kuongea na wabunge, mwenye grini kadi anaruhusiwa?

MamaNeema_Iowa:
Habarini ndugu zangu. Mimi ni msaidizi wa mwalimu shule ya msingi huku Iowa, nakaa na watoto wenye mahitaji maalum, nawalisha nawabadilisha nguo nawazuia wasijiumize, halafu hela ya saa haifiki hata ya wale wa ghala, na shule zikifungwa kiangazi hakuna cheki. Sasa dada mmoja wa yunioni, chama chetu cha wafanyakazi, anasema bunge la jimbo limeanza, tukaongee na wabunge kuhusu mshahara na haki ya kujadili mkataba. Nataka kwenda ila naogopa, uraia bado, na bosi akisikia je? Na hao wabunge watanisikiliza na hiki Kiingereza changu?

Kibwana77:
Dada nenda. Kuongea na mbunge siyo kupiga kura. Kura ya serikali bila uraia usithubutu kabisa, itakuharibia kila kitu, lakini kumwambia mbunge shida zako ni haki yako, yeye anawakilisha wote wanaokaa eneo lake. Kwa bosi, omba ruhusa ya siku hiyo, usitumie imeili ya shule, na usiseme unaongea kwa niaba ya shule.

Na ujue kwanini mnaenda bungeni na siyo kwa mwajiri. Sheria ya kujadili mkataba Iowa ilisainiwa 1974 na gavana Robert Ray, tena alikuwa Republican, wafanyakazi wa umma wakapewa meza ya mazungumzo ila kugoma marufuku. Februari 2017 gavana Branstad akasaini nyingine, sasa kwa watu wa shule mwajiri analazimika kujadili mshahara wa msingi tu, bima imetolewa mezani, utaratibu wa kupunguza watu umetolewa, hata makato ya yunioni kwenye cheki. Mkikwama mkaenda kwa msuluhishi hawezi kuwapa nyongeza zaidi ya asilimia 3 au kiwango cha mfumuko wa bei, anachukua kilicho kidogo. Kugoma marufuku ikabaki palepale. Inaniuma sana hii, watu walinyang'anywa upande mmoja wa makubaliano.

Furaha_DSM:
Mimi nilishaenda. Omba kuongea kwenye kamati ndogo, ni chumba kidogo wabunge watatu hivi, mtu yeyote anaruhusiwa kusema, dakika chache tu. Anza na unakaa wapi maana mbunge anataka kujua kwanza kama wewe ni wa eneo lake. Halafu taja hela yako ya saa, watoto wangapi uko nao, na kiangazi unakula nini. Usihofu Kiingereza, sema polepole, andika kwenye karatasi usome.

Waulize pia kuhusu 2024. Mwaka ule walipitisha kima cha chini cha walimu dola 47,500, mwaka uliofuata 50,000, vizuri sana, lakini sisi wa kulipwa kwa saa tukatengewa dola milioni 14 jimbo zima na hakuna kima cha chini. Na jirani zetu Minnesota tangu 2023 wafanyakazi wa shule wa kwa saa wanaweza kuomba malipo ya kukosa kazi kiangazi. Hilo lisemeni kila mtu.

Kama Des Moines ni mbali, wabunge wengi wanafanya mikutano na wananchi Jumamosi huko huko kwenu.

JumaSLC:
Huku Utah Februari 2025 gavana Cox alisaini sheria ya kupiga marufuku yunioni za umma kujadili mikataba, walimu, zimamoto, wote. Yunioni zikaingia mtaani kutafuta sahihi ili wananchi waipigie kura, sahihi zaidi ya 250,000 zikathibitishwa, sheria ikasimamishwa, na Desemba mwaka huohuo bunge lenyewe likaifuta. Wabunge walewale! Ila sahihi ile ni ya mpiga kura aliyesajiliwa, kama huna uraia usisaini, saidia kazi nyingine.

MamaNeema_Iowa:
Asanteni sana, nimeandika jina langu. Na ile kura ya yunioni kubaki au kutobaki, nayo siruhusiwi?

Kibwana77:
Hiyo unapiga, ni kura ya wafanyakazi, hakuna anayeuliza uraia. Tena usikose, maana kwa sheria ya 2017 yunioni lazima ipate zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wa kundi lenu, siyo ya waliopiga tu, kwa hiyo asiyepiga anahesabiwa kakataa. Inarudiwa kila kabla ya mkataba mpya, waambie na wale wa jikoni na madereva waulize yao ni lini.