Jigi ya juu ya maji inajizungusha badala ya kuogelea, nirekebishe nini?

Mkondo_Kusi:
Wakuu, naomba msaada. Nina jigi mbili (chambo bandia cha kurusha na kuvuta) bapa za alumini, gramu 90, sm 15 hivi, kwa kolekole na jodari wadogo wanaokula juu, na mara nyingine nguru. Moja inaogelea vizuri, ya pili ya aina hiyohiyo inajizungusha kama pia na kuusokota mshipi. Rili ni 6.2 kwa 1 (ukizungusha mkono mara moja, kibiringo cha uzi kinazunguka mara 6.2), uzi wa kusuka mtupu, mbele kuna waya wa sm 30 na swiveli ya kibano (kiungio cha chuma kinachozunguka).

Nanga_Mbili:
Mkuu, anza kwa kutoa hiyo swiveli na waya. Jigi ya juu ni nyepesi kwa umbo lake. Inayumba huku na huku kwa sababu maji yanausukuma ubapa wake, na pua lazima iwe huru. Ukiining'inizia vyuma puani, mchezo unakufa. Funga mshipi kwa fundo la kitanzi.

Pili, mwendo. Rili ya 6.2 inavuta uzi mwingi kila mzunguko, na jigi ikivutwa kasi kupita kiasi inalala ubavu, kisha inazunguka. Rili ya 4 au 5 kwa 1 ingekusaidia. Kama huna, tuliza mkono. Itazame ncha ya fimbo: jigi ikiogelea, ncha inadunda kwa mapigo yanayofuatana. Yakikatika ghafla, umezidisha kasi. Yakififia na jigi inazama, umechelewa.

Fundi wa Ndoana:
Nakubaliana na Nanga, ila usisahau kwamba jigi za kalibu moja hazitoki sawa. Kila mpya ishushe ubavuni mwa boti, acha mshipi wa mita 3, ivute polepole halafu uongeze kasi. Isiyoogelea kwa mwendo wowote iweke kando, usiipotezee muda samaki wakiwa juu. Angalia pia ndoana ya meno matatu: ukiweka kubwa kuliko ya awali, mkia unalemewa.

Mkondo_Kusi:
Asanteni sana wakuu. Uzi wa kusuka niuache? Na nguru akikata?

Nanga_Mbili:
Uache chini kwenye rili, juu yake unga nailoni inayohimili paundi 40. Urefu uzidi kidogo umbali unaorusha, ili fundo lisipite chini ya dole gumba wala kwenye pete za fimbo jigi ikiwa hewani. Unene wa nailoni unasaidia kuibeba jigi juu, na kunyumbuka kwake kunapunguza ndoana kuchomoka.

Nguru wakiwepo, weka waya mwembamba wa uzi mmoja, sm 10 tu, kitanzi upande wa jigi. Mchezo utapungua kidogo, lakini bila waya atakukatia jigi.

Muhimu kuliko yote: samaki akigonga, usichape fimbo. Endelea kuzungusha mpaka mshipi ukaze na fimbo ipinde, ndipo unyanyue. Ukichapa mapema unaitoa jigi mdomoni. Ukiendelea kuzungusha, aliyekosa mara nyingi hurudi.

Fundi wa Ndoana:
Na huo mshipi uliosokotwa: toa jigi, uachie mtupu nyuma ya boti inayokwenda polepole kwa dakika chache, kisha uurudishe ukiubana kwa vidole. Usirushe kabla ya hapo, utafumukia kwenye rili.